Mkwe Juu ya Nguzo

Mimi Anicet naendesha gari la mafundi wa umeme, na nawaambia ukweli, afadhali ningebeba ng'ombe. Ng'ombe hapigi simu. Upepo ukishaangusha miti juu ya waya huku Katavi, simu zinaanza: "Nyie watu wa umeme mmelala?" Nani amelala? Tuko kwenye tope mpaka magotini! Tukipita kijiji bila kusimama, tunatukanwa mpaka na vikongwe. Sasa kama laini kubwa ya kutoka Mpanda bado iko chini, nikisimama kwako wewe umeme niutoe wapi, mfukoni? Laini kubwa kwanza, halafu matawi, mwisho ndiyo nyumba yako wewe unayetukana. Kazi iko hivyo.

Fundi wangu anaitwa Masele, kijana wa watu waliohamia huku na ng'ombe wao. Mzee wake, Malale, mpaka leo anamuuliza ataacha lini kupanda miti mikavu arudi kuchunga. Haogopi kitu. Nimeshamwona anamtoa nyoka juu ya nguzo kwa koleo huku anamwomba samahani. Kinachomtoa jasho ni kimoja tu: mama mkwe.

Mwaka jana alimwoa Lucia wa kijiji cha Mamba. Mama yake Lucia ni Nyanzala, na kwao heshima ya mkwe si mchezo. Masele hampi mkono, hali naye, hamtazami usoni. Mama naye hatamki jina la mkwewe. Na kwa kuwa mtoto bado hajazaliwa, hata ile "baba fulani" hakuna. Wakikutana, lazima wazungumze kupitia mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ni mimi, bahati yangu!

Basi baada ya ule upepo wa juzi tukaingia Mamba. Laini kubwa imeshapona, majirani wa Usevya wanapiga vigelegele, Mamba bado kimya. Mashine za kukoboa mpunga zimelala, watu wamejaa barabarani na magunia yao, wamenuna. Zefania, fundi wetu wa pili, ameteguka mguu kwenye tope, yuko ndani ya gari analalamika. Tukafuata waya nguzo kwa nguzo mpaka tukaona ulipokatika. Na nguzo yenyewe iko wapi? Katikati ya uwanja wa Nyanzala, kati ya jiko na bafu la mabua lisilo na paa.

Masele akasimama. "Hapo mimi sipandi."

"Hupandi kwa nini?"

"Nikae juu ya kichwa cha mama mkwe? Nimchungulie mpaka bafuni? Anicet, wewe unataka nitengwe na ukoo mzima!"

Mama mwenyewe yuko mlangoni, ametugeuzia mgongo. Tunasikiana wote. "Mwambie huyo mkwe," akasema, "akipanda mimi nikiwa hapa, nahama Mamba kwa aibu."

"Mama, si amekusikia?"

"Wewe mwambie!"

Haya. "Masele, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama aende kwa jirani."

"Mwambie kuku wangu anaatamia. Nani atamlinda na hao watu wake?"

"Mwambie kuku atalindwa na Zefania."

Hapo nilikuwa nageuka huku na huku mpaka shingo inauma. Wenye magunia nao wakaanza kutoa ushauri. Mmoja akasema mama apandishwe juu ya paa, ili angalau asiachwe chini sana na mkwe. Nikamwambia, ndugu yangu, njaa imekupanda kichwani.

Mwisho Nyanzala akakubali kwenda kwa Romana, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Akajitanda khanga mpaka usoni asije akamwona mkwe akiwa juu. Zefania akachechemea kwenda kumlinda kuku. Masele akazima swichi kwenye transfoma, akapima waya, umekufa kabisa. Akapanda, akafunga mkanda, na sisi wa chini tukaanza kumvutia waya kwa kamba.

Sasa sikieni upumbavu wa mtu mzima. Haya nilielezwa baadaye. Pembeni ya nyumba ya Romana kuna saluni ya Ladislas. Ladislas amechoka kusubiri, akawasha jenereta yake na kuichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, swichi kubwa hajazima! Umeme wa namna hiyo hautulii saluni. Unatoka nje, unaingia kwenye waya wa mtaa mzima. Ghafla taa ya sebuleni kwa Romana ikawaka, hafifu. Romana akaruka: "Umerudi jamani, umerudi!"

Nyanzala peke yake hakushangilia. Umerudi vipi, na mkwe bado yuko juu?

Mimi nilichoona ni mama mtu mzima anakata tope mbio, khanga iko chini, kandambili moja imebaki nyuma. "Mkwe! Mkwe weee!" Sasa Mamba nzima nani si mkwe wa mtu? Wanaume wote wa magunia wakageuka, isipokuwa yule wa juu. Yeye alikuwa ametupa mgongo, ananyoosha mkono kuushika waya.

"Masele!" mama akalia. "Masele wa Malale! Usishike!"

Masele kusikia jina lake kinywani mwa mama mkwe, mikono yote miwili ikaruka hewani, akabaki ananing'inia na mkanda. Na sisi kwa mshtuko tukaachia kamba. Waya ukaanguka kwenye majani mabichi, ukatema cheche. Ng'ambo ya barabara jenereta ikakohoa, ikazima.

Nikamfuata Ladislas nikamwambia maneno ambayo padre wangu hatayasikia kamwe, na jenereta nikaipakia garini.

Niliporudi, Masele ameshashuka, amekaa kwenye shina la nguzo, midomo imemkauka. Mama naye amekaa palepale kwenye tope, amefunika uso, analia. Mzee mmoja akaanza kusema eti aliyetaja jina la mkwe anatozwa mbuzi. Nikamwambia, mzee, nyamaza kabla sijakupandisha wewe.

"Mwambie mama," Masele akasema, sauti inakatika. "Mwambie asante."

Nikageuka. "Mama, anasema..."

"Mwambie nilijua nampelekea Lucia maiti."

Hilo nilishindwa kulifikisha.

Tukapima upya, Masele akavaa tena kofia yake ya kazi. Nikamwomba mama arudi kwa Romana. Akainuka, akafunga khanga kiunoni. "Siendi popote! Na atakayegusa jenereta leo atanijua!" Akasimama chini ya nguzo, mikono kiunoni, uso juu. Masele akapanda, akapita juu ya kichwa chake, akaunga waya, na mama hakumwondolea macho mpaka alipokanyaga tena chini.