Kofia ya Mjomba Kimeu

Ndung'u wa mtaa wa Jericho alikuwa karani wa godauni miaka kumi na minane, na huko hakutoka na kitu ila mgongo uliopinda na amri moja: mwanamume haingii ndani na kofia kichwani. Mgeni aliyesahau alifukuzwa mlangoni kama kuku aliyenusa ugali.

Jumamosi moja ya mwaka 1979 wakaja wazee kutoka Machakos kumposea Mbithi, dereva wa lori. Aliyeposwa ni Warigia, bintiye Ndung'u, miaka thelathini na mmoja. Wachumba wawili walishakimbizwa na adabu za babake. Huyu naye akienda, hakuna wa nne. Nyumba nzima ililijua hilo, pamoja na paka.

Msemaji wa wageni, mjomba Kimeu, mchonga vinyago, alifika na pama lake kichwani.

"Kofia, mzee," Ndung'u akasema, mkono umeziba mlango.

"Ni yangu."

"Ndani hutolewa."

"Sababu?"

Ndung'u akang'aa. Swali hilo alikuwa amelingoja maisha yake yote. "Zamani Ulaya, askari walivaa kofia za chuma. Ukiingia kwa rafiki unaivua, ajue hukuja vitani. Bosi wangu wa miaka kumi na minane, Bwana Johnson, alinieleza mwenyewe."

Kimeu akaligonga pama kwa kidole. "Hili ni kitambaa. Na nimekuja na mbuzi. Nani huenda vitani akivuta mbuzi?"

Wazee wakaangua kicheko.

"Na huyo Johnson, akiingia ofisini kwako alikuvulia?"

Ndung'u akakumbuka: kofia kichwani, kiko cha tumbaku mdomoni, na yeye Ndung'u nyuma, ameshika mwavuli. "Alikuwa... alikuwa na haraka."

"Haraka ya miaka kumi na minane!"

Mtu mwenye akili angecheka na kupisha njia. Ndung'u akafoka, "Basi kaeni nje!"

Wakakaa. Uani, chini ya kamba za nguo, kofia ilikuwa halali hata kwa sheria zake. Mkewe, aitwaye Wangu, akawatolea viti kimoja kimoja, hadi kile cha Ndung'u mwenyewe. Chege, kaka ya Wangu, akakikalia, akaanza kusema kwa niaba ya wenye binti.

"Ndung'u!" jirani Teresiah akapaza sauti, akifua. "Umefungia nani nje, wao ama wewe?"

Warigia akaja kuchukua chai. "Baba, toka basi."

"Waingie wao, bila kofia."

"Mimi naolewa na Mbithi. Siolewi na kichwa cha mjomba wake."

Akaenda na birika. Ndung'u akabaki wima sebuleni, akiilinda nyumba dhidi ya pama moja, mpaka aliposikia vigelegele. Akafungua dirisha kwa pupa.

"Nimeamua! Kwa leo tu, mnaweza kuingia na kofia!"

"Asante, Baba Warigia, tumeshamaliza," Kimeu akajibu, akipangusa midomo. "Harusi ni Desemba. Tarehe utaambiwa na mama watoto."