Geti la mbwa la futi saba, na shubiri iliyopelea

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjanisalimia. Haya yametokea kwangu Nyaishozi na sijaongeza chumvi. Mke wangu anasoma humu, ningeongeza angenianika.

Kwanza mnielewe. Shule niliishia la nne. Nilianza kununua kahawa kwa baiskeli, leo nina nyumba ambayo mlango wa mbele wanapita watu wanne sambamba, hakuna anayemgusa mwenzake. Mpaka Bugene sijauona mwingine kama huo. Na nimeutafuta.

Sasa mama yangu akaja kukaa kwetu kutoka Kaisho. Nyonga inamsumbua, anatembelea mkongojo.

Siku ya kwanza tu mbwa wetu Bosi, kijana wa miezi mitano, akatoka migombani mbio mpaka sebuleni kumpokea. Mkongojo kule, mama kwenye sofa. Bahati sofa lilikuwa karibu.

Mama akasema, "Mwanangu, Jumapili narudi Kaisho. Huyu anapenda watu kupita kiasi."

Kumfunga kamba tulijaribu, akalia mpaka mama mwenyewe akamwonea huruma. Kufunga mlango, mama akakataa katakata. Huku kwetu mlango ukifungwa mchana, majirani wanajua mnakula nyama.

Nikaamua geti fupi la chuma pale mlangoni, la kufika kiunoni. Fundi Deo wa Kayanga akaniuliza upana kwa simu. Nikapima kwa mguu, kama nilivyoipima nyumba nzima: kisigino, kidole, kisigino, kidole.

"Futi saba kamili," nikamwambia.

"Mzee, umepima kwa tepu?"

"Kijana, hii nyumba nani kaijenga?"

Akakata chuma.

Jumamosi geti likaja, zuri, limepakwa rangi ya dhahabu. Likafungwa bawaba upande mmoja. Upande wa pili likabaki pengo, karibu shubiri nzima.

Deo akatoa tepu, akapima geti. Futi saba. Kisha akaangalia miguu yangu. Nilikuwa na gambuti namba kumi na moja, zilezile nilizopimia.

Mke wangu, Mama Koku, alikaa chini kwa kucheka. "Baba Koku! Kumbe ndiyo maana mapazia yangu hayajawahi kutosha!"

Sijajibu, Bosi kaliona pengo.

Tukapiga kelele wote. Mama kasimama katikati ya sebule na mkongojo wake, ameganda.

Lakini wakuu, kupenya pale si mchezo. Kichwa kikapita, bega moja, akakwama, akavuta tumbo, makalio yakafuata. Alipofika ndani mbio zote zimeisha. Akatembea taratibu mpaka kwa mama, akalala miguuni pake.

Nikawaambia nilipanga iwe hivyo. Deo akakohoa.

Jumapili mama hakuondoka. Nilipotaka kumwita Deo aongeze nondo, akanizuia: "Ukiziba hapo, narudi Kaisho. Ninyi mkienda shamba nitaongea na nani?"

"Na akikua akashindwa kupenya?"

"Narudi vilevile."

Nilichojifunza: futi ya tepu na futi ya gambuti ni vitu viwili. Tepu nimenunua, ndefu kuliko ya Deo.

Sasa wenye uzoefu wa mbwa nisaidieni: anayekua apewe nini abaki mwembamba? Mama anamlisha ndizi kila saa, hasikii la mtu. Habari za mapazia acheni, jibuni swali.

Na fanyeni haraka. Leo asubuhi Bosi alikwama kidogo.