Tulivyoshikana Ziwani Kama Mtoni

Sokoni Mbinga, upande wa wauza samaki, kuna mama anayefungua magunia yake ya usipa kila asubuhi. Huwa najua ameshafungua kabla sijafika kona. Harufu ya wale dagaa wa ziwani waliokaushwa mchangani, harufu ya jua na ya kitu kama chuma kilicholowa, inanikuta njiani, na miguu yangu inaongeza mwendo yenyewe. Wauza nyanya wananicheka: "Mama Suzana, leo nani anakufukuza?" Nami nacheka nao, napita. Nikifika kwenye nguo za mitumba ndipo napumua.

Usipa sijaonja tangu nina miaka kumi na mmoja, na sasa nimepita hamsini. Mimi ni mtu wa darasa la nne, kwa hiyo nitaandika jinsi ninavyosema. Majina nitayataja, maana wenye majina hayo hawakuona haya kulitaja langu.

Siku hizi lami imeshuka mpaka Mbamba Bay, kule ziwani. Vijana wanaondoka Jumamosi asubuhi, wanaogelea, wanapigana picha juu ya yale mawe makubwa, na jioni wako nyumbani wanadai ugali. Zamani zetu, kwa mtoto wa Mkumbi, ziwa lilikuwa habari ya kusikia tu. Sisi tulijua miteremko, ukungu, kahawa, na mashimo ya ngolo ambayo wazazi wetu walichimba mlima mzima ili mvua isikokote udongo. Maji tuliyoyajua ni ya mto, yenye ng'ambo.

Mtu aliyetupeleka ziwani aliitwa Otmari. Alikuwa katekista wetu, mrefu, mwenye viatu vyeusi alivyovipaka rangi hata siku za kazi. Alikuwa akitufundisha mafundisho ya kipaimara, na mwaka ule alituahidi kwamba tukimchumia kahawa yake yote atatupeleka kuona ziwa. Tulichuma, jamani. Wiki mbili, vidole vikawa vyeusi vikanata. Odilia ndiye aliyetuhimiza, akipita kati ya mistari: "Chumeni, wavivu nyie! Mnataka mfe hamjaona maji?"

Odilia alikuwa mtoto wa mama mkubwa wangu, dada yake mama. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mikono mirefu, na mdomo usiochoka. Alibeba debe la maji kichwani bila kulishika na huku anagombana na mtu. Mimi nilikuwa mkia wake. Akienda kuni, nipo. Akifukuza ngedere kwenye mahindi, nipo. Watu walituita jina moja kana kwamba tulikuwa mtu mmoja, Odilia-na-Kandida.

Hapa lazima niwaeleze jinsi tunavyovuka mto kwetu, la sivyo hamtaelewa chochote. Mvua ikijaza mto, watoto wa shule wanavuka kwa mstari. Mkubwa anatangulia, wadogo wanafuata. Hatushikani viganja, maana viganja vinateleza. Kila mmoja anashika kifundo cha mkono cha mwenzake, na mwenzake anashika cha kwake. Mshiko unakuwa wa pande mbili. Na sheria ni moja tu, huachii. Otmari ndiye aliyetufundisha. Alitusimamisha kwenye majani makavu, akatufunga hivyo wawili wawili, akavuta hadi tukaanguka, nasi tukaanguka tumeshikana. Alifurahi sana siku ile.

Tukaondoka alfajiri kwenye lori, watoto tisa juu ya magunia matupu, kila mmoja na sweta kwa sababu mama zetu hawakuamini kwamba kuna mahali pasipo na baridi. Mama aliniwekea makande kwenye kopo. Barabara ilizunguka milima kama inatafuta kitu ilichodondosha, tukatapika kwa zamu. Ghafla milima ikaisha, na chini kukaonekana bluu.

Tukasimama wote juu ya magunia. Halafu mmoja wa wadogo akauliza, "Mbona pale hawajalima?"

Odilia akasonya. "Wavivu tu hao! Tambarare yote ile, hata shimo moja!"

Dereva alicheka hadi akasimamisha lori. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu, halafu nanyamaza.

Ufukweni mchanga ulikuwa wa moto na unapiga kelele chini ya nyayo. Ng'ambo haikuwepo. Otmari alikuwa ametuambia ziwa ni kama bahari, basi Odilia akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Halina chumvi. Katekista katudanganya." Alisema kwa sauti, naye alisikia. Sisi wengine tulikuwa tunaogopa hata kulowesha vidole. Ilikuwa miezi ya baridi kwetu mlimani, na huko chini ndiyo miezi ya mwera, upepo wa kusini. Mawimbi yalikuja marefu, yakasimama, yakavunjika kwa kishindo, kisha maji yakarudi kwa kasi yakiburuta kokoto. Sauti ile ya kokoto kuburutwa ndiyo nisiyoweza kuisimulia. Ni kama mtu anakoroma chini ya ardhi.

Palikuwa na mama mmoja wa Kinyasa anasugua masufuria kwa mchanga. Tulimwamkia wote, "Shikamoo!" kama shuleni.

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi na masweta?"

"Mkumbi!"

"Aa, watu wa milimani. Leo tazameni tu, msiogelee. Mwera umeamka."

Otmari alisimama na viatu vyake. Nadhani hakupenda kuambiwa mbele yetu. Akasema watoto wa kwake wamezoea maji, wanavuka mto kila siku. Akatupanga. Odilia mbele, mimi nyuma yake, kisha wengine kwa urefu hadi mdogo kabisa, na yeye mwenyewe mwisho, kwenye mchanga mkavu. Tushikane kama mtoni, tuingie hadi kiunoni, tuhesabu mawimbi kumi, turudi. Tulishikana.

"Baba!" yule mama aliita. "Ziwa siyo mto huo! Wanavuka waende wapi?"

"Mama, osha vyombo vyako," Otmari akajibu.

Nimelitafakari neno hilo zaidi ya sala zangu zote. Osha vyombo vyako.

Tuliingia tukicheka. Wimbi la kwanza lilitupiga magotini, la pili tumboni. Odilia aliyatukana kwa Kimatengo, nasi tukaitikia kama kwaya. Sikumbuki lilikuwa la ngapi lililotufunika. Nakumbuka kijani, na mchanga mdomoni, na nilipotoa kichwa, nyuma yangu mstari ulikuwa umeshakatika. Wale wadogo walikuwa wametupwa ufukweni kama mahindi yaliyomwagika, wanalia. Tuliobaki ndani ni mimi na Odilia, tumeshikana vifundo. Maji yakaanza kurudi. Mimi vidole vya miguu vilikuwa bado vinagusa chini. Yeye havikugusa. Nilimwona kidevu kikiwa juu, macho makubwa, mkono wake ukinivuta na wangu ukimvuta.

Na sauti zilikuwa mbili. Otmari alikuwa anapiga kelele, "Shikaneni! Msiachie!" Na yule mama alikuwa anakuja mbio, sufuria limeanguka, anapiga kelele, "Achianeni! Achianeni, liwatupe nje!"

Nami niliachia. Sitawadanganya. Nilifungua vidole vyangu vyote vitano, nikijua ninachofanya. Wimbi lililofuata likaninyanyua, likanitupa, yule mama akanikamata nywele. Alirudi kumfuata Odilia hadi maji yakamfika shingoni, akapigwa, akarudishwa, akaingia tena. Odilia wavuvi walimpata siku ya tatu.

Otmari alikuwa amesimama palepale. Viatu vyake havikulowa.

Sasa majina. Otmari alifika kwa mama mkubwa jioni ile na hakuingia hata ndani. Alisema akiwa mlangoni, mbele ya majirani: "Niliwaambia wasiachiane. Kandida ndiye aliyeachia." Basi. Kahawa yake hakuitaja. Yule mama aliyeosha vyombo hakumtaja.

Wa pili ni baba yangu, Baltazari. Alinisikiliza mara moja tu, nikiwa nimejifunga blanketi na masikio yamejaa mchanga, nikamweleza kuhusu sauti mbili. Akasema, "Yameisha. Usirudie kusema hayo." Otmari ndiye aliyekuwa anaandika majina ya kipaimara, na baba alitaka mambo yapoe. Yalipoa kwake. Mimi niliacha shule mwaka uleule kwa sababu njia ya shule ilipita mtoni, na hakuna mtoto aliyekubali kushika mkono wangu. Walisema, "Huyo ni wa kuachia." Vuka peke yako mto uliojaa, uone kama utajifunza kusoma.

Wa tatu ni mama mkubwa mwenyewe, na huyu kumtaja kunaniuma. Watu wote waliendelea kumwita Mama Odilia hata baada ya kumzika Odilia, na kila akiitwa mimi nilikuwa nasikia. Kwa miaka arobaini nilimwamkia kwenye misiba na harusi. Aliitikia marahaba akitazama mlango. Otmari alikufa na heshima zake zote, kwaya ziliimba, na mama mkubwa alibeba shada la maua. Mimi siku hiyo nilibaki nyumbani kupukuchua mahindi, nikapukuchua hadi gumba likatoka damu.

Tangu siku ile ya ziwani sijui kutulia. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema nyumba yangu haina kiti kilichochakaa kwa sababu sikikalii. Kila usiku kabla ya kulala nilifungua vidole vyangu na kuvifunga.

Halafu ilikuwa mvua za Machi mwaka huu. Tulikuwa tunatoka shambani, mimi na kitindamimba wangu Suzana, mto umejaa. Tulishikana vifundo kama ada. Katikati ya maji mzigo wangu wa kunde ukainama kichwani, nikauwahi kwa mkono, nikamwachia mtoto. Mguu ukateleza. Sikwenda popote. Nilining'inia kwenye mkono wa Suzana, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama mpini.

"Wee mama!" akafoka. "Unaachia mto umejaa? Bahati yako mimi nimeshika!"

Tulipofika ng'ambo nilikaa kwenye matope na sketi iliyolowa, nikashindwa kuinuka. Suzana alidhani nimevunjika. Nilimwambia anishike tena. Nikaachia. Bado ameshika. Nikarudia. Alisema, "Mama, una nini leo?" Nikarudia mpaka akaanza kulia.

Kesho yake nilikwenda Mpepai, anakoishi mama mkubwa siku hizi kwa mwanawe. Nilimkuta uani anachagua maharage kwenye ungo. Macho yake yamekwisha, anachagua kwa vidole.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Ni nani?"

"Kandida."

Vidole vilisimama, vikaendelea. "Umefuata nini?"

"Naomba mkono wako. Nishike kama tunavuka."

"Mimi navuka kwenda wapi na uzee huu?"

"Nishike tu, mama. Mara moja."

Sijui kwa nini alikubali. Alinyoosha mkono mkavu kama ganda la hindi, akanishika kifundo, nami nikamshika chake. Nikamwambia, "Sasa naachia." Nikafungua vidole vyote vitano, vilevile. Mkono wangu ukabaki hewani, umeshikwa.

Kuku walikuja wakala maharage ungoni na hakuna aliyewafukuza.

"Odilia alikuwa na nguvu kuliko wewe," akasema mwishowe.

"Sana, mama."

"Alikuwa anabeba debe."

"Bila kulishika."

"Kwa hiyo na yeye alifungua."

"Ndiyo, mama."

"Na Otmari alijua?"

"Yeye ndiye aliyetufundisha mshiko huu."

Alitamka neno moja la Kimatengo juu ya Otmari ambalo siwezi kuliandika, na kwa mama mzee wa rozari lilinishangaza. Nilitaka kuinuka kuwafukuza kuku. Akasema, "Tulia hapo. Sijakuachia."

Tukakaa hivyo hadi kivuli cha nyumba kikafika miguuni mwetu na mkono wangu ukafa ganzi. Sikuuvuta.

Nilipokuwa mtoto nilidhani mkono ule ulikuwa wangu peke yangu, kwa kuwa mkubwa aliyejua ukweli alisema hivyo mlangoni. Sikuwa na akili ya kuhesabu mikono miwili. Nimehesabu nikiwa na mvi. Odilia alisikia sauti zilezile mbili nilizosikia mimi, akamwamini yule mwosha vyombo kama mimi nilivyomwamini, au aliona miguu yangu inagusa chini na yake haigusi. Ipi kati ya hizo, sitajua, na hilo ndilo litakaloniamsha sasa badala ya lile la zamani.

Shule ya Suzana inawapeleka ziwani Jumamosi ijayo. Nimempa ruhusa. Kila jioni wiki hii tunasimama jikoni, nashika kifundo chake, naye changu, halafu nampigia kelele "Achia!" na yeye anafungua. Bado anachelewa kidogo. Kesho tutarudia.