Siwezi Kulalamika

Doreen Sugden alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha mazulia cha Halifax, akishona nyuzi ambazo mashine zilikuwa zimezikata. Kiwanda kilipofungwa kilimpa saa ya ukutani na nyonga mbovu. Saa ilikufa kwanza. Nyonga ilibaki, na kwa ajili yake serikali ilimkubalia posho ya ulemavu, na pamoja na posho gari dogo la buluu ambalo angekaa nalo maadamu posho ipo. Hakuliita gari. Aliliita "la kwenda kwa Wilf".

Wilf ni mumewe. Alikuwa katika nyumba ya wazee huko juu mlimani, mabasi mawili na mpando mkali kutoka kwao. Akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, lakini Doreen alikuwa bado amemshikilia kwa njia moja tu: alifika kila siku saa nane mchana. Majira ya theluji alikosa siku nne, na siku ya tano ilimbidi ajitambulishe kwa mumewe kama mtu anayeomba kazi. Wauguzi wakamwambia asikose tena. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: Wilf angemkumbuka maadamu anakuja, angekuja maadamu gari lipo, na gari lingekuwapo maadamu ofisi inaiamini nyonga yake. Hapo ndipo Alastair Kemp alipomkuta.

Kemp ni mwongozaji wa filamu za wanyonge. Amezitengeneza kwa miaka arobaini, na katika kila bango mvua inanyesha. Wanaozitazama ni watu ambao hawajawahi kupanga foleni ya kitu chochote isipokuwa tiketi za filamu hizo. Hutoka na macho mekundu, kisha huenda kula. Sisi tunaotengenezewa hatuzioni sana. Jumba letu la sinema limekuwa duka la vitanda.

Kemp hatumii waigizaji. Anasema waigizaji huigiza. Huenda kwenye vilabu vya wafanyakazi akatazama nyuso, na yule anayempata hamwonyeshi hadithi nzima, kwa sababu anataka mtu ashangae kweli, aumie kweli. Doreen alipatikana kwenye bingo, ule mchezo wa bahati wa kufuta namba kwa kalamu. Alikosa ushindi kwa namba moja, akafunika kalamu yake, akanywa chai. Kemp akamwambia msaidizi wake kwamba ndiye huyo.

Jirani yake Hilda Crowther alikuwa na maoni. "Wanatafuta sura ya shida, shoga. Wameiona kwako."

"Waliiona kwako kwanza," Doreen alisema, "wakaogopa."

Alikubali kwa sharti moja, awe huru kila siku kabla ya saa nane. Kemp alilipenda sana sharti hilo. Alitaka kulitia kwenye filamu.

Siku ya tatu ya kazi alielekezwa kwenye jengo la ghorofa, akapewa mifuko miwili ya viazi, akaambiwa ampelekee mwanamke wa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa imekufa. Ukweli ni kwamba ilikuwa nzima kabisa. Kemp alikuwa ameifunga asubuhi ile na kumkataza kila mtu asimwambie, naye akajibanza na kamera pale ngazi zinapopinda. Doreen alisimama mbele ya lifti kwa muda. Kisha akapanda. Alipanda kama watu wa kwetu wanavyopanda, bila kuguna, akisimama kila kona kana kwamba amesimama kutazama rangi ya ukuta. Juu alimkuta Kemp analia kwa furaha. Kwa bahati mbaya fundi wa sauti alikuwa amenasa honi ya lori, kwa hiyo akapanda tena mara mbili.

Baada ya hapo alilala kitandani wiki mbili, akiinuka tu kupelekwa kwa Wilf na Hilda, ambaye hana gari lake na aliliendesha lile la buluu kama anayemkimbiza mwizi. Wiki mbili hizo hazikupigwa picha.

Walipomrudia walimkalisha mbele ya meza. Upande wa pili alikuwapo mwanamume aliyewahi kuwa mpimaji wa ofisi ya posho, akimuuliza maswali yake ya zamani. Kemp alimwambia Doreen ajibu tu kama ambavyo angejibu. Mpimaji akauliza anajisikiaje leo.

"Si mbaya, asante," Doreen alisema. "Siwezi kulalamika."

Mpimaji akaandika kwamba mwombaji hana malalamiko. Kwenye tamasha la filamu, ng'ambo, inasemekana watu elfu mbili walicheka kwa jibu hilo, kisha kicheko kikawakwama kooni walipoiona kalamu ikiandika. Filamu ilipata tuzo. Doreen aliiona kwenye ukumbi wa kanisa, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na akaelewa vizuri kabisa kwamba jibu lile ndilo lililokuwa mtego. Alimwambia Hilda mwanamke yule wa kwenye filamu ni mjinga.

Barua ya ofisi ilifika baada ya miezi mitatu. Iliandikwa na afisa ambaye, alivyokuja kusema baadaye, aliitazama filamu na mkewe na wote wawili wakalia. Kesho yake alifungua faili. Doreen aliitwa apimwe upya.

Hilda alimfunza jikoni kwa wiki nzima. Alijifanya mpimaji, akavaa miwani yake ya kusomea, akauliza anajisikiaje, na Doreen akatakiwa aeleze siku yake mbaya kuliko zote: jinsi anavyoshuka ngazi akiwa amekaa, jinsi anavyovaa soksi kwa koleo la mkaa, siku ile bafuni. Siku ile bafuni ilimshinda.

"Kwa nini nimwambie mtu nisiyemjua?"

"Ndiyo kazi yake kujua."

"Ana mama yake. Akamuulize huyo."

"Doreen. Sema la bafuni, au utakwenda kwa Wilf kwa miguu."

Ilipofika Ijumaa alikuwa ameweza kulisema mara tatu mfululizo, akiangalia birika.

Mpimaji wa kweli alikuwa msichana anayeitwa Kirsty, ana mafua, pua imekuwa nyekundu, na ofisi haikuwa na joto. Alimvutia Doreen kiti. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka ambaye bado anajaribu kuwa mwema, anajisikiaje leo.

Mtu wa kwetu akiulizwa hali husema si mbaya. Hata akiwa amelazwa, hata kasisi akiwa ameshaitwa. Kusema vingine ni kumvulia mgeni nguo. Doreen alikuwa amelishika la bafuni ulimini tayari kulitema. Alimtazama yule msichana na pua yake.

"Si mbaya, mpenzi," alisema. "Siwezi kulalamika. Wewe ndiye unayehitaji kitanda."

Kirsty alicheka, akashukuru, akaandika. Maswali mengine yalifuata, na Doreen akajaribu kurudi nyuma, lakini kila alichosema sasa kilisikika kama uongo, hata masikioni mwake. La bafuni hakulisema.

Uamuzi ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, mwombaji alieleza mwenyewe kwamba hali yake si mbaya. Ya pili, mwombaji ameonekana hadharani akipanda ghorofa nne na mizigo miwili bila dalili ya maumivu.

Alikata rufaa, akamwandikia Kemp amwambie tu hakimu kilichotokea: lifti, mara tatu, wiki mbili kitandani. Kemp aliumia sana. Aliandika makala gazetini kuhusu unyama wa dola, ukurasa mzima, na picha ya Doreen kwenye ngazi. Kwa hakimu barua ilitoka kwa wanasheria wa kampuni ya filamu, ambao ilibidi waifikirie bima ya kampuni. Ilisema Bi Sugden alipanda kwa hiari yake, akiwa na afya njema, na kampuni haikujua maradhi yoyote. Kemp alikuwa ameisaini. Rufaa ikaanguka.

Gari lilichukuliwa Jumanne. Aliyelichukua alimsaidia kutoa blanketi la Wilf kwenye kiti cha nyuma.

Kwa mabasi mawili na ule mpando, nyonga ilimruhusu siku moja kwa wiki, Alhamisi. Wauguzi walikuwa wameona Wilf anahangaika ifikapo saa nane, akizunguka mlangoni, basi mmoja wao akapata wazo, na lilikuwa wazo la huruma. Akainunua ile filamu ya Doreen. Wakawa wanaiweka kila siku baada ya chakula, na Wilf anakaa kimya mpaka mwisho, mikono magotini.

Alhamisi ya tano Doreen aliingia akiwa amelowa, filamu imefika kwenye ngazi. Alisimama mbele ya mumewe, akamwita kwa jina lake. Wilf aliinamisha kichwa kulia, kisha kushoto.

"Mama, sogea kidogo," alisema, kwa adabu. "Unanizibia mke wangu."

Doreen akasogea.