Mkono wangu uliomba maji, haukukubali ushuru

Nimepitisha ushuru mpya wa soko bila kujua. Picha ipo.

Mama anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Leo halmashauri iliwaita wafanyabiashara ukumbini watoe maoni kuhusu bajeti, maana wanataka kupandisha ushuru wa meza. Mama hakuweza kuacha biashara, akanituma mimi nikasikilize. Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono.

Watu walikataa katakata. Mzee mmoja muuza mikanda akasema, "Mheshimiwa, mvua ikinyesha tunauza tukiwa ndani ya tope. Sasa hii nyongeza ni ya tope?"

Ukumbi mzima ukacheka. Joto nalo, usiseme.

Afisa akauliza kwa upole, "Nani hajapata maji ya kunywa?"

Tukanyoosha mikono karibu wote. Jamaa wa kamera wa halmashauri akapiga picha.

Nafika sokoni, jirani yake mama ameshika simu. Ukurasa wa halmashauri umeandika kwamba wafanyabiashara wameunga mkono ushuru mpya kwa kauli moja. Na aliye mstari wa mbele, mkono juu kabisa, ni mimi.

"Kumbe mwanao ndiye katupandishia," akamwambia mama.

Mama akanigeuzia mgongo, akaendelea kupanga viatu.

Nikaandika kwenye maoni ya ukurasa ule: tulikuwa tunaomba maji. Wakafuta. Nikaandika tena, wakanifungia.

Kwa hiyo nasema hapa, na nina hasira. Kama upo kwenye picha ile, andika hapo chini ulinyoosha mkono kwa ajili gani.

Naanza mimi: maji. Na sikupata.