Nani Atamtaja Muuaji

Mauaji ya siku hizi siyapendi. Hayo tunayo ya kutosha Durban, mtu anayasikia kwenye taxi, daladala za huku, asubuhi kabla hata hajapata kiti. Ninayoyapenda ni mauaji ya zamani, ya watu wenye pesa, kwenye majumba yenye vyumba ambavyo wenyewe hawajawahi kuviingia vyote. Usiku bwana mkubwa yuko mezani anakula ndege wa kuchoma, mkewe kavaa almasi shingoni, wageni wamekuja kwa magari ya farasi. Asubuhi bwana yuko sakafuni amekauka, na kila mgeni alikuwa na sababu ya kumtaka afe. Vitabu vya namna hiyo, vya Kiingereza, ninavinunua Queensburgh kwenye duka la mitumba la kanisa. Akina bibi wanaoliendesha wananijua sasa. Kila kinachokuja chenye picha ya jumba na mwezi juu yake, wananiwekea pembeni.

Kiingereza nilikipata kambini Kigoma, nilikokulia baada ya wazazi wangu kukimbia Burundi. Mwalimu wetu alikuwa na kitabu kimoja cha kusoma kwa darasa zima, na mimi ndiye nilikuwa nasimama mbele kuwasomea wengine. Najivunia jambo hilo hadi leo, na bila majivuno hayo habari hii isingekuwapo.

Kazi yangu ni kusuka nywele, kwenye saluni iliyo chini ya ghorofa refu South Beach. Tuko wasusi kadhaa, ila mwenzangu ni mmoja tu, mwanamke wa Uvira, mdogo kwangu kwa umri, ambaye kiti chake kiko karibu na changu. Ananiita yaya, maana kwao yaya ni dada mkubwa. Nilimwambia kwamba nilikokulia mimi yaya ni mtu wa kulea watoto wa wengine, akacheka na kuendelea kuniita hivyohivyo. Kiingereza cha kuongea anacho, cha wateja na cha taxi. Kukisoma ndiko kulikomshinda. Shule aliiacha mapema, na hiyo kidogo aliyosoma ilikuwa ya Kifaransa.

Bosi wetu hataki kitabu kionekane. Anasema mteja akimwona msusi na kitabu anadhani saluni haina kazi. Kwa hiyo mimi nakata. Kitabu kinene nakipasua mgongo kwa wembe wa kunyolea shingo, nakigawa mafungu membamba yanayoenea mfuko wa aproni, chini ya chanuo na vibanio. Fungu nalisoma kwenye taxi kutoka Sydenham ninakokaa, na mchana nikiwa nasuka namsimulia mwenzangu kwa Kiswahili, mikono inakwenda na mdomo unakwenda. Fungu likiisha nampa alishike, aliangalie mwenyewe. Anaangalia nini sikuwahi kumwuliza. Mafungu yote yakimalizika tunayashona pamoja kwa uzi na ile sindano iliyopinda ya kushonea nywele za wiving, na kitabu kinarudi kuwa kitabu.

Fungu la mwisho lina sheria yake. Silisomi peke yangu. Tunalisubiri hadi Jumatatu, siku ya wateja wachache, tunakaa nyuma karibu na sinki na vikombe vya chai, nami nasoma kwa sauti na kutafsiri, mpaka pale mpelelezi anapowakusanya wote sebuleni. Hapo nanyamaza. Nakunywa chai. Mwenzangu ananipiga goti, ananibembeleza, ananiita majina yote mazuri, ndipo namtaja muuaji, nimeridhika kama mtu aliyekula pilau ya harusi ya nduguye. Kumtaja muuaji kulikuwa kwangu mimi. Sikudhani kuna mtu angenipokonya kitu kidogo kama hicho.

Na si kwamba mwenzangu hakuwa na akili ya mambo hayo. Aliwashangaa sana wale matajiri kwa kutojua kulia. Bwana kafa, wao wanakunywa chai na kuulizana nani alikuwa wapi saa ngapi.

"Matanga iko wapi?" aliuliza katika kila kitabu. "Na nani anapikia watu?"

Muuaji, kwa maoni yake, alikuwa shemeji siku zote, mdogo wa marehemu, kwa sababu anayeijua mali ya kaka ni huyo. Karibu kila mara alikosea, nami nilifurahi kumwambia kwamba amekosea.

Kisha kibanda cha pembeni yetu kikachukuliwa na mama mmoja wa Bukavu, akafungua duka la kava na chaja za simu. Kwao alikuwa mwalimu. Miwani ilimning'inia kifuani kwa mnyororo, na alikusalimia kwa kukushika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama mke wa mchungaji. Kila mtu alimpenda. Hata bosi, ambaye hapendi mtu, alimpelekea chai. Mimi pia nilimpenda, labda wiki nzima.

Mwenzangu tulikuwa tukila pamoja mchana. Sasa akaanza kumeza chakula harakaharaka na kusema anaenda kuangalia kava. Ana simu moja, tena ndogo, na kila mchana ikawa inatafutiwa kava. Nilivumilia. Siku moja nikamfuata, nikijidai natafuta chaja. Niliwakuta nyuma ya kaunta, vichwa vimegusana, na chini ya vichwa hivyo fungu la kitabu changu. Nililijua kwa ukingo wake, pale wembe ulipoteleza. Yule mama akaweka kiwiko juu ya kurasa. Wote wawili wakanitazama, nami nikanunua chaja niliyokuwa nayo tayari nyumbani.

Roho ilinichoma, sitaki kusema uongo. Mimi nakitafuta kitabu Queensburgh, nakikata, nakisoma nikiwa nimebanwa kwenye taxi, halafu utamu wake unaliwa kwenye meza ya mtu mwingine. Nilijiona nimefanywa mpishi. Jioni nilikuwa nakata vitunguu nikiongea peke yangu, na mume wangu akanisikiliza muda mrefu kabla hajacheka. Alisema amewaona wanawake wakikonda kwa ajili ya mke mwenza, lakini ukewenza usio na mume ndio kwanza anauona. Nilimwambia ajipakulie mwenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wangu alikuja, na mimi ndiye niliyeugua.

Nikaanza kubana. Mafungu nikayakata madogo zaidi. Mengine nilisema nimeyasahau nyumbani, na yako mfukoni. Nilisimulia kwa mkato, nani kaingia, nani katoka, bila nguo walizovaa wala vyakula walivyokula, ambavyo mwenzangu anavipenda kuliko mauaji yenyewe. Hakulalamika. Angelalamika ningepona. Mteja mmoja aliponiuliza kuhusu duka la pembeni nilimwambia kava za pale zinapasuka upesi. Sijui kama zinapasuka.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kulikuwa na sherehe ya binti wa jumba kufikia umri wa kuolewa, wageni wote wamevaa vinyago, na bwana mwenye jumba akakutwa amekufa kwenye nyumba ya vioo wanamooteshea maua, mkufu wa mkewe haupo. Mdogo wa marehemu alikuwapo, bila shaka, na mwenzangu akamhukumu tangu fungu la kwanza. Tulipobakiza fungu la mwisho nilikaa nalo siku kadhaa kwenye aproni. Nilitaka kulisoma peke yangu na kumtaja muuaji mbele ya watu wote, kavukavu, ili hao wawili wasibaki na kitu cha kunong'onezana. Nililitoa mara nyingi na kulirudisha.

Mwishoni mwa wiki mwenzangu akaniuliza kama Jumatatu tuko pamoja. Nikamwambia amwulize rafiki yake wa kava.

"Ile ya mwisho ni yetu, yaya," alisema.

Sikuamini. Niliona wameshajua kila kitu, maana siku hizi mwisho wa kitabu mtu anautafuta kwenye simu. Nilikubali tu ili nimkamate. Nilijiambia nitamtazama usoni, na akijua kitu mapema nitamwona.

Jumatatu tukakaa nyuma na chai. Nilisoma polepole, jicho moja kwenye ukurasa na jicho moja kwake. Alikuwa ametulia mno. Hakuuliza maana ya neno lolote, na kuna maneno pale hata mimi niliyaruka. Nikasema moyoni, huyo, nimempata. Mpelelezi akawaita sebuleni, mjane, binti, shemeji, daktari wa familia, dada wa mjane aliyekuwa akimimina chai tangu mwanzo wa kitabu. Nikanyamaza. Nikanywa chai yangu. Nikasubiri kupigwa goti.

Hakunipiga. Alinyoosha mkono.

"Lete, yaya. Leo nisome miye."

Nilidhani ni mzaha, nikampa. Alifuta kidole kwenye aproni, akakiweka chini ya mstari, akasoma. Mwanzo alikwenda kwa kupapasa, neno moja, pumzi, neno jingine. Jina moja refu lilimshinda, akalirudia mpaka likakubali. Halafu akachanganya, na mistari ikaanza kwenda, na alipofika kwenye nukta alipumzika, akainua macho kunitazama kabla ya kuendelea. Hivyo ndivyo mwalimu anavyowasomea watoto. Nilijua pumziko lile ni la nani. Kila ukurasa aliutafsiri kwa Kiswahili cha kwao, pamoja na nguo na vyakula, na alisimulia vizuri kuliko nilivyokuwa nikisimulia wiki zote zile.

Ndipo akamtaja muuaji. Alikuwa dada wa mjane. Mwenzangu alipoona si shemeji aliguna kwa masikitiko, kisha akacheka mwenyewe na kusoma mpaka mstari wa mwisho kabisa.

Mikono yangu haikuwa na cha kushika. Nilimwuliza tangu lini. Alisema tangu yule mama alipofika, mchana, kidogo kidogo, na kwamba vile vipande nilivyompa ndivyo walivyosomea. Nilipoanza kuvisahau nyumbani ndipo walipochelewa.

"Kwa nini hukuniomba mimi?" nilisema. "Mimi si niko hapa, kiti kwa kiti?"

Aliyakusanya makaratasi, akayapanga vizuri gotini, hakunitazama.

"Nilikuomba, yaya. Ukasema, acha tu, nitakusomea."

"Lini?"

"Mara mingi."

Nilitaka kukataa. Lakini maneno yale yalikuwa yangu kabisa, ndivyo ninavyoongea, niliyasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Tena angeniomba saa ileile ningemjibu vilevile, kwa sababu sikutaka ajue kusoma. Nilitaka anipige goti.

Yule mama akatokea mlangoni, miwani kifuani, hakuthubutu kuingia. Alimtazama mwenzangu, akaona makaratasi gotini, uso ukamng'aa. Kisha akageukia kwangu na kuniuliza kwa heshima, kama wanavyomwuliza mzazi siku ya kuchukua ripoti, kama amesoma hadi mwisho. Nikajibu kwamba amesoma hadi mwisho, na kwamba anasoma vizuri. Ilikuwa kweli, na kwa kila neno nilimchukia yule mama.

Mteja akaingia, dada wa Kizulu anayetaka kufumuliwa rasta. Nikamkalisha, nikachukua chanuo, na nyuma yangu nikawasikia wale wawili wameanza upya ukurasa wa kwanza wa fungu lile, kwa sauti, wakipokezana. Nikachana.

"Eish, kahle, sisi," mteja alisema, polepole dada kwa Kizulu chao, akiwa ameshika kichwa. "Unaniumiza."