Walipoinyoosha Njia, Muda Ulikwenda Wapi

Barazani asubuhi ile tulikuwa hawa: baba mukubwa, yaani kaka wa baba yangu; mama yangu, mujane; shemeji, bwana wa yaya wangu, kijana wa upande wa Wamaza, majirani zetu; na miye, kitinda mimba wa mama, musichana wa kutosha kubeba mutungi wa maji lakini si wa kutosha kuulizwa kitu. Yaya mwenyewe, binti wa kwanza wa mama, alikuwa ndani ya nyumba na uchungu wake. Nje walichutama wabebaji wa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, wote wadogo wa shemeji, watoto wa baba zake wadogo. Majina yao niko nayo yote, na ya mama zao pia. Siyaandiki, kwa sababu wengi wamekwisha kufa, na nyumbani kwetu jina la marehemu halitajwi paka mutoto mwingine apewe.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Kasongo na Kabambare, na tulikuwa tumehamishwa. Zamani tulikaa juu ya kilima. Serikali ikasema watu wote washuke, wajenge kando ya barabara mupya ya motokari, wapate kuhesabiwa na kulimishwa pamba. Barabara ile waliipima kwa kamba na vijiti. Njia ya zamani ilikuwa inazunguka, inakwepa kinamasi, inafuata mugongo wa kilima, inapita kwa watu kusalimia. Barabara haikuzunguka kitu. Ilikata mashamba, ikakata makaburi yetu ya upande mumoja, ikaenda tu.

Baba mukubwa hakuikanyaga hata siku moja. Tangu ujana alikuwa amebeba mizigo ya watu, chumvi, mupira wa miti, viti vya wazungu, na mawazo yake yote yalitoka mabegani. Alisema njia, muda na uzito si vitu vitatu. Iko kitu kimoja, kinageuka tu.

“Asubuhi unafunga chumvi, unainua, unacheka,” alikuwa akisema. “Jioni chumvi ni ile ile, hakuna mutu aliyeongeza, na weye unalia. Nini imeingia ndani ya muzigo?”

“Uchovu,” shemeji alijibu siku moja. Alikuwa bado mugeni kwetu.

“Uchovu uko ndani yako, mukwe. Miye nauliza muzigo.”

Muda, alisema. Muda unaingia. Na mutoto wa mugongoni, akilala anakuwa muzito kuliko akiwa macho, mama yeyote anajua. Ni kwa sababu amekwenda mbali katika usingizi, na njia anayotembea kule inamuingia. Maiti vilevile. Njia yote ambayo mutu alikuwa bado kutembea inamurudilia kwa mara moja, ndiyo sababu wanaume wenye nguvu wanatoka jasho chini ya kamuzee kakavu.

Tulimucheka, lakini si yote tuliicheka. Kwenye njia ya zamani kulikuwa pahali pa kutua mizigo, na kila musafiri alichuma jani bichi, akaliweka chini ya jiwe, akaacha hapo sehemu ya uzito wake, ndipo akainuka. Wote tulifanya hivyo, watu wa misa na watu wa musikiti. Barabara mupya haikuwa na kona, haikuwa na jani wala jiwe.

“Walipoinyoosha,” baba mukubwa aliuliza, “ule muda waliokata waliutupa wapi? Haukufa. Umelala pale pale barabarani na njaa yake. Kitu kizito kikituliwa pale, utakiingia wote.”

Na kwake hakukuwa na kitu kizito kuliko mwanamuke wa mimba, kwa sababu anabeba muda wa watu wawili.

Basi asubuhi ile mama muzalishaji wa kijiji alitoka chumbani kwa yaya, akanawa mikono, akasema, “Mumupeleke kwa munganga. Miye nimefika mwisho.” Munganga alikuwa kwenye dispanseri, upande wa Kasongo. Kwa barabara, ukiondoka mapema, unafika jua halijashuka. Kwa njia ya zamani unalala porini.

“Tunapita barabara,” shemeji alisema.

“Mutapita juu,” baba mukubwa alisema. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo neno lilikuwa lake.

“Baba, atanifia porini.”

“Kijana, miye nimezika wengi waliokimbizwa.”

Walibishana paka umande ukakauka. Mama hakuwa na desturi ya kusema mbele ya kaka wa bwana yake. Siku ile alisema, akiangalia chini. “Baba mukubwa, huyu ni damu ya ndugu yako. Ukinikatalia barabara nitamubeba miye mugongoni, na nitapita katikati, watu wote wanione.”

Kutoka ndani tukasikia sauti ya yaya. “Mukimaliza kugombana muniite, nipate kuzaa.”

Wabebaji walicheka.  Baba mukubwa akatoa sharti moja: wasitue. “Mukichoka, mubadilishane bega mukitembea. Mukitaka maji, munywe mukitembea. Kipoyi kisiguse ule udongo.” Wabebaji waliitikia wote. Walikuwa watu wa kubeba, na alichokisema kuhusu muzigo walikuwa wamekisikia wenyewe mabegani. Yeye akakamata fimbo yake, akapanda kilima kwa njia ya zamani. Alisema tutaonana kwa munganga.

Miti ilikuwa imekatwa pande zote mbili, hakukuwa na kivuli hata cha kuku. Kwenye njia ya zamani unaona hapa na pale tu, kila kona inakupa kitu kipya, na bila kujua umefika. Barabara ile ulikuwa unaona mwisho wake tangu mwanzo, na ule mwisho haukukaribia. Nilitembea nyuma na mutungi kichwani, naangalia visigino vya wabebaji.

Mwanzo walitania. “Kaka, bibi yako alikula ugali wa kijiji kizima?”

“Nilikula na wa mama yako,” yaya alijibu ndani ya kipoyi. “Ndiyo maana weye ulikonda.”

Kisha maneno yakaisha. Nikasikia pumzi zao tu, na miti ya kipoyi ikilia. Mubebaji wa nyuma akasema polepole, “Ameongezeka.”

 Tuliendelea kidogo, halafu mwenzake akasema, “Miye nilisikia tangu zamani. Nilinyamaza tu.”

Kwetu neno lile, kuongezeka, linasemwa na wanaobeba maiti. Mama akakimbia, akafunua kikwembe kilichomufunika yaya. “Mwanangu?”

“Niko, mama. Waambie wanitue. Mutoto anakuja.”

Hawakusimama.

“Munitue!”

Wakaongeza mwendo. Shemeji alikuwa akilia wazi kama mutoto, anasema, “Baba alikataza, baba alikataza.” Walikuwa vijana wema wote. Wangemubeba paka wafe.

Mama akawapita, akaenda mbele, akakaa chini katikati ya barabara, miguu imenyooka. “Munikanyage,” alisema. Ndipo wakasimama, na alipowaambia tena, wakatua.

Tulishika vikwembe kumuzunguka yaya. Miye nilipewa pembe moja, na nilikatazwa kuangalia ndani, kwa hiyo niliangalia barabara. Huku hakuna mutu, kule hakuna mutu. Udongo mwekundu ulikuwa unatetemeka kwa joto kama unapumua. Mama alisema baadaye kwamba ilikuwa kitambo kidogo tu. Mubebaji mumoja aliapa kwamba kivuli cha mugongo wake hakikusogea wakati wote ule. Mutoto alitoka, mwanaume, akalia mara moja. Yaya alikuwa hai. Mama akamufunga mutoto kifuani kwake, wabebaji wakainua kipoyi, na nikaona wakiangaliana. Kipoyi hakikuwa kimepungua uzito.

Kesho yake baba mukubwa alifika dispanseri, matope paka magotini. Hakuuliza hali. “Mulitua?”

“Hatukutua,” mama alisema. “Alizalia hewani, wakitembea.” Na alimuangalia usoni, yeye ambaye hakuwa anamuangalia.

Akaomba mutoto. Akamushika juu ya viganja viwili, vile mubebaji anashika muzigo kabla ya kuukubali. Alikaa naye hivyo muda murefu. Niliona mikono yake ikishuka kidogo.

“Ni mutoto munene,” mama alisema.

“Si munene. Ni muzito.” Akamurudisha. “Musimupe jina kwanza.”

Yaya alimupa jina siku ile ile.

Mutoto alinyonya vizuri, alikua. Wanawake waliomubeba walisema anavunja mugongo hata akiwa macho. Siku moja tulikuwa tukipalilia pamba kando ya barabara, yaya amemufunga mugongoni, akaniita nimutazame kwa sababu amekuwa muzito sana, labda amelala. Nilimutazama. Hakuwa amelala.

Munganga alisema ni homa iliyomuua. Shemeji alisema ni uongo wa mama, muzee angejua kweli angefanya dawa ya majani na jiwe. Mama alisema paka kufa kwake kwamba mutoto alichoka angali ndani ya tumbo: tulimubana asubuhi barazani kwa maneno, halafu tukamubana njiani kwa kukataa kutua. Baba mukubwa hakusema kitu, na kule kunyamaza kwake ndiko mama hakukusamehe. Yaya alizaa wengine. Kila mimba, siku zake zikikaribia, alipanda kilima peke yake na kupita njia ya zamani iliyokwisha kufunikwa na majani, akaenda kungojea kwa munganga, na hakutaka musindikizaji.

Jambo moja linanisumbua, nalo ni pahali. Miye nakumbuka tulimutua kabla ya daraja la magogo, kwenye mashamba ya pamba. Yaya aliniambia ilikuwa baada ya daraja, alisikia maji nyuma yake. Kama tulikuwa tumelivuka, basi dispanseri ilikuwa karibu, na labda wangefika bila kutua. Kama hatujalivuka, mama alifanya vema. Watoto wa wabebaji wale wako, wengine Kabambare, wengine Kasongo. Kama baba zenu waliwaonyesha pale, na miye nimekosea, munirekebishe. Mutume neno, ao mukuje munionyeshe. Hata kama ni baada ya daraja, muniambie.